Jiko la Baba Watoto

Mwanamke aliyewapikia watu mia nne kila siku ya kazi alishindwa kupika mboga ya watu wawili. Ukimsimulia mtu atadhani unatania, lakini ndivyo ilivyokuwa, na aliyeshangaa kuliko wote alikuwa mwenyewe.

Kiwandani walimwita Mama Upawa. Kilikuwa kiwanda cha mablanketi, naye alikuwa mpishi mkuu wa kantini yake tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi zote. Alipika kwa ndoo na kwa beseni. Ndoo ya vitunguu, mabeseni ya nyanya, na konzi za chumvi ambazo kichwa hakikuzihesabu kwa sababu mkono wenyewe ulizijua. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia, na akikoroga alisimama ametanua miguu kama mtu anayevusha watu mto. King'ora cha saa sita kikilia, milango ya karakana ilifunguka, watu wakaingia na nyuzi za sufu nywelini, wakakuta chakula kinafuka. Hata siku moja hakikuwahi kuwasubirisha.

Siku aliyostaafu walimpa seti ya sufuria mpya, zinazong'aa hadi unaweza kujitazamia meno, zote zimeingiana, ndogo ndani ya kubwa, kama watoto waliojificha tumboni mwa mama yao.

"Mama Upawa," meneja akasema, "sasa ukampikie mzee nyumbani!"

Watu wakapiga makofi. Naye akacheka, akajitwika boksi lake, akapanda ngazi mpaka nyumbani kwake, ghorofa ya pili, akiwa na neno moja moyoni: sasa ni zamu yangu.

Maana jambo ambalo meneja hakulijua, na ambalo nje ya familia halikuwahi kutangazwa kwa kuwa hakuna aliyeona haja, ni kwamba mpishi wa nyumbani alikuwa mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na nguo za wateja zilining'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, hivi kwamba mgeni akiingia alidhani amekuta watu wamesimama. Mke aliondoka alfajiri, akarudi jioni hataki hata kuiona sufuria. Mume yupo nyumbani mchana kutwa. Watoto wana njaa. Basi ikawa hivyo. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, na chakula cha baba yao tumboni. Mama Upawa alirudi, akavua viatu, akawekewa sahani, akala macho yakifumba, akasema, "Chakula kitamu, baba watoto," akaenda kulala. Miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo jioni ile ya boksi alisema maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima.

"Baba watoto, umenipikia vya kutosha. Kuanzia kesho jiko niachie mimi. Wewe pumzika."

Fundi alikuwa na pini midomoni, kama ilivyokuwa desturi yake. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Nipumzike?"

"Upumzike. Ukae kwenye cherehani yako kwa raha zako. Chakula kitakukuta hapo hapo."

Mume akamtazama, akazitazama sufuria, akamtazama tena.

"Sawa," akasema, akazirudisha pini midomoni.

Mama Upawa akajua ameshukuru.

*

Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinabisha hodi. Mvua zilikuwa zimekatika, madimbwi ya barabarani yamebaki alama tu, na sokoni kulijaa kila kitu kwa mara moja, kana kwamba shamba limepindua mfuko wake: nyanya zilizoiva hadi zinapasuka, matango yenye vimiiba vinavyochoma kidole, maharage mabichi yanayovunjika kwa mlio, vitunguu vichanga na majani yake, bilinganya nyeusi zinazong'aa kama viatu vya harusi, mnanaa, malimau, mahindi machanga ambayo ukiyabana kwa ukucha yanatoa maziwa. Mama Upawa alitembea katikati ya neema ile akinunua kama alivyozoea kununua. Mchukuzi aliyembebea mzigo akamuuliza, "Mama, harusi lini?"

Alipofika jikoni hakuona mafuta.

Jiko lenyewe lilikuwa dogo, upana wake ni mtu mmoja na kivuli chake. Upande huu sinki na ndoo, upande ule jiko la gesi, juu yake rafu, mbele dirisha linalopokea jua la alasiri. Rafu ilikuwa tupu. Haikuwa na mafuta, wala sukari, wala binzari, wala kitunguu kimoja cha kusingizia.

"Baba watoto!" akaita kupitia ukuta. "Mafuta yako wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Ya kupikia?"

"Ya kupikia."

"Yanafanya nini chini ya kitanda?"

Cherehani ikanguruma kidogo, ikanyamaza. "Ni kiangazi," mume akajibu, kana kwamba hilo nalo ni jibu.

Vitunguu alivikuta koridoni, vimening'inia ndani ya soksi ndefu ya kike, kila kimoja kimefungiwa fundo lake. Kopo la sukari lilikuwa chini ya kitanda jirani na mafuta, limesimama katikati ya beseni la maji kama kisiwa. Binzari ilimchosha kabisa. Mwisho akaambiwa aitafute kabatini, kwenye mfuko wa koti la baridi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao waliosema hivyo hawakusema kwamba unaweza kuwa mgeni nyumbani kwako, kwenye chumba ambacho umelipia kodi maisha yako yote.

Halafu akavuta droo. Akakuta jiwe bapa, laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Akakuta ufito mmoja wa mwavuli, umesuguliwa hadi unameremeta. Akakuta soksi ya mtoto, safi, imekunjwa vizuri. Akakuta kikombe cha bati kisicho na mkono, kimetobolewa matundu chini, na kitana cha nywele kipya ambacho ni wazi hakikuwahi kugusa nywele. Akavipanga mezani, akavitazama kama mtu anayesoma maandishi asiyoyajua. Jikoni kwake kiwandani kila kitu kilikuwa na jina na msumari wake ukutani. Hivi vilikuwa nini? Uchafu wa ufundi? Vitu vya wajukuu? Akatupa soksi na kitana. Kikombe na ufito akavitia kwenye boksi la zawadi. Jiwe akaliwekea mlango wa kibaraza, usibamizwe na upepo. Kisha akafanya kazi aliyoijua: akarudisha kila kitu rafuni, kikubwa nyuma, kidogo mbele, mafuta, samli, unga, sukari, binzari, kwa mstari ulionyooka kama gwaride.

"Haya," akajiambia, akafunga kanga kiunoni. "Tupike."

Alikata kitunguu kimoja, akakiona kipweke mno ndani ya sufuria. Akaongeza cha pili, vikawa kama watoto wawili waliopotea sokoni. Akaendelea kuongeza hadi alipoona pamechangamka. Chumvi akatia konzi, kwa maana mkono wake ulijua konzi, haukujua chembe. Akaonja, akakunja uso, akaongeza maji kupunguza chumvi. Mboga ikawa maji, akaongeza nyanya kupunguza maji. Nyanya zikaleta uchachu, akatia maharage. Ikabidi ahamie sufuria ya pili kwa ukubwa, kisha ile kubwa mama yao. Hatimaye akawa na chakula cha karakana nzima, na karakana iliyokuwapo ni mzee mmoja mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni. Walikula mboga ile asubuhi, mchana na jioni, mpaka wakakaribia kuiamkia.

Kilichomchanganya zaidi si wingi. Wingi aliuelewa, akaamini utapungua akizoea. Kilichomchanganya ni sahani ya mumewe. Sahani ilirudi nusu, na maneno yalirudi kamili.

"Chakula kitamu, mama watoto."

"Mbona umebakiza?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Ndege anakushinda."

"Joto," mume akasema, akaenda zake kwenye cherehani.

Joto lilikuwapo kweli. Mwili wa Mama Upawa bado ulikuwa unasikia king'ora. Jua lilipokaribia utosini alinyanyuka mwenyewe bila kuitwa, akawasha moto, akakaanga. Nyumba nzima ikawa tanuri. Jua la alasiri lilipoingia dirishani likakuta rafu iliyopangwa vizuri, likaikalia. Samli ikayeyuka ikamwagikia unga. Mafuta yakaanza kunuka kizee. Sisimizi wakaijua njia ya sukari, na wakishaijua njia sisimizi hawasahau. Mama Upawa akafuta, akaosha, akapanga upya, mstari ule ule. Fundi alipita mlangoni, akatazama, akarudi kwenye cherehani.

Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, alipiga simu wakati mama yake anapigana na sisimizi.

"Mama, shikamoo. Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Anashona."

"Saa hizi? Saa hizi si huwa yuko jikoni?"

"Napika mimi siku hizi. Yeye anapumzika."

"Mama, umemtoa baba jikoni?"

"Nimemtoa? Nimempumzisha!"

"Makubwa. Nyie wawili katika jiko lile? Manahodha wengi, mama, chombo kitaenda mrama."

"Manahodha wengi wako wapi? Nahodha ni mmoja."

"Ndiyo hicho ninachokisema," binti akajibu huku akicheka. Akaitwa wodini, akakata. Mama Upawa akabaki na simu mkononi, hajui kama amechekwa au ameonywa.

*

Aliyemwambia jambo la kwanza alikuwa mteja. Alikuwa mwalimu wa kike, mpole, aliyeshonewa nguo na fundi kwa miaka mingi. Alibisha hodi mchana mmoja fundi akiwa ameenda kununua nyuzi. Mkononi alikuwa na gauni jeupe limekunjwa ndani ya mfuko.

"Shikamoo, mama. Fundi hayupo? Basi nitakuachia wewe. Nililirudisha juzi, akalifua, akanirudishia. Lakini bado... naona haya kusema."

"Sema tu, mwanangu. Limebana?"

"Halijabana. Linanuka kitunguu."

Mama Upawa akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha. Mwalimu hakucheka.

"Nililivaa kwenye mkutano wa wazazi," akasema mwalimu taratibu. "Nikaona watu wananusa, wanageuka. Mzee mmoja akauliza kama shule siku hizi inatoa chakula. Najua fundi si mtu wa hivyo. Nyumba hii siku zote nguo zinatoka zinanukia pasi. Ndiyo maana nikajiuliza, kwani kuna nini?"

Mama Upawa akalichukua gauni, akalinusa. Pua yake, iliyoishi ndani ya mvuke wa vitunguu umri wote, haikusikia kitu. Akautazama waya na nguo zake zilizosimama kama wageni wasiokaribishwa kukaa. Akatazama mlango wa jikoni, hatua chache tu kutoka hapo, wazi, na sufuria ikichemka. Kitu kikaanza kumsogelea akilini, lakini hakikufika.

Mwalimu alipoondoka alitoka kibarazani. Kwenye kamba, nyuma ya shuka, kulikuwa na magauni mengine mawili na suruali, vimefuliwa, vinanuka limau. Hivi alivifua saa ngapi? Kwa nini hakusema? Miaka yote hii alikaangaje vitunguu mtu huyu, nguo zikatoka zinanukia pasi?

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakuna aliyemwambia. Siku hizi mumewe alitoka kila jua likielekea kuzama. "Naenda kunyoosha miguu," alisema, akichukua mfuko wake wa kitambaa. Mfuko ulitoka umejaa, ukarudi mtupu. Yeye mwenyewe alitoka ameinama, akarudi anapiga mluzi. Usiku hakutaka chakula, lakini hakuwa na sura ya mtu mwenye njaa. Na shati lake lilikuwa na harufu. Kitunguu ndiyo hakukisikia tena, lakini hii aliisikia barabara: bilinganya iliyochomwa hadi ngozi ikawa mkaa, na mnanaa uliosagwa kwa kidole.

Mama Upawa akaketi kitandani, juu ya mahali mafuta yalipokuwa zamani, akafikiri. Wanawake wengine hushtushwa na manukato shingoni mwa waume zao. Yeye alikuwa ameshikwa na wivu wa bilinganya. Kuna jiko mahali. Kuna mtu anampikia, na huyo mtu anajua kupika. Hata alipojaribu kukasirika, hasira haikupata pa kushika: atamwambia nini mume wake, kwamba ameacha chakula chake kwenda kula chakula kizuri?

Jioni ile mfuko ulipotoka, naye akatoka. Alikuwa amejiandaa kufuata mbali, amevaa viatu vya kutembelea. Hakufika mbali. Nyayo za mumewe zilishuka ngazi za ghorofa moja, zikasimama. Mlango ukafunguliwa. Sauti ya mwanaume ikasema, "Umechelewa, fundi, tumbo limeshaandika malalamiko."

Hapo alikaa dereva wa malori mstaafu, mjane, mtu mwenye sauti ya kuongea barabarani. Kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi. Mama Upawa akangoja ngazini mpaka harufu ya bilinganya ikamfikia, ndipo akashuka, akasimama kizingitini.

Mumewe alikuwa amempa mgongo. Futi ilikuwa shingoni, mikono ya shati imekunjwa. Mbele yake bilinganya iligeuka juu ya moto, imechomekwa kwenye spoku ya baiskeli, naye aliigeuza bila kuitazama, mkono mwingine ukichana mnanaa. Alikuwa akipiga mluzi. Karibu yake kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani, na juu ya sahani hizo, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, ilikaa jeki ndogo ya gari.

"Shemeji!" dereva akapaza sauti. "Karibu, karibu ndani. Fundi, umekamatwa."

Mluzi ukakatika.

"Hapa unafanya nini?" Mama Upawa akauliza.

"Napika," akajibu mumewe.

"Nakuona unapika. Kwa nini unapika hapa?"

Fundi akamtazama dereva.

"Usinitazame mimi," dereva akasema. "Mimi kazi yangu kula."

"Nilikwambia upumzike." Mama Upawa alishangaa kusikia sauti yake imekuwa ndogo. Alikuwa ameshuka na sauti kubwa.

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hapa ninapopumzikia." Fundi akaitoa bilinganya motoni, akailaza kwenye sinia, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mama watoto, mimi nashona tangu kukipambazuka. Macho yananichoma, mgongo unaniuma. Nikinyanyuka kwenda kukata tango, ndilo pumziko langu lenyewe. Sina lingine. Ulipokuja ukasema nipumzike, nikarudi kwenye cherehani, nikawa sina pa kwenda."

"Si ungesema!"

"Ulikuja na sufuria mpya. Ulikuwa umefurahi. Ningesemaje?"

"Na magauni ya watu?"

"Nimeyafua."

"Mwalimu amerudi tena. Bado linanuka."

Fundi akafumba macho. "Kitunguu hakikaangwi mchana, mama watoto," akasema polepole, si kwa kulaumu, bali kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. "Kikianza kiangazi, moto unawashwa kabla ya jua, nguo zikiwa bado kabatini. Mchana ni vitu vya baridi. Jua likizama, moto tena kidogo. Na rafuni hapawekwi kitu, jua linapaunguza. Hivyo ndivyo."

"Miaka yote?"

"Kila kiangazi. Ulikuwa unatoka kabla sijawasha."

Mama Upawa hakujua akae au aondoke. Alitaka kukasirika kwa kufichwa, lakini aliyefichwa alikuwa nani hasa? Alitaka kuomba radhi, lakini kosa lake lilikuwa kumtakia mtu mema. Alitaka pia kucheka, kwa sababu ya ile jeki.

"Kaeni basi," dereva akasema. "Ndoa haizungumzwi mkiwa mmesimama. Chakula kitapoa."

"Chenyewe ni cha baridi," fundi akasema.

"Basi kitapata moto. Kaeni!"

Wakakaa. Fundi akaondoa jeki, akafunua sahani. Matango yalikuwa yamekatwa membamba, yamekandamizwa na chumvi mpaka yakatoa maji yake yote, yakabaki yamejikunja kama vitambaa vilivyokamuliwa. Akayachanganya na mtindi na mnanaa. Bilinganya akaivua ngozi, akaiponda pamoja na nyanya. Maharage aliyokuwa ameyachemsha jana yake hapo hapo kwa dereva akayamwagia limau na majani ya kitunguu. Hakukuwa na kitu kingine.

Mama Upawa akala. Akala macho yakiwa wazi, mgongo umenyooka, viatu miguuni. Akatafuna tango, likavunjika kama bichi na kukubali meno kama lililopikwa, vyote viwili kwa pamoja, na kwa ufundi wake wote hakuweza kusema imewezekanaje.

"Jeki ya nini?" akauliza.

"Kukandamiza. Kwetu huwa natumia jiwe."

"Lile jiwe..."

"Linazuia mlango. Nimeliona."

"Na kitana?"

"Unakishika juu ya kitunguu, unapitisha kisu katikati ya meno. Vinatoka sawasawa. Hata machozi ni kidogo."

"Nimekitupa."

"Kitana si adimu. Hata soksi ya kuchujia mtindi nitapata nyingine."

Akala tena. Chakula kilikuwa kitamu. Lilikuwa neno lake la kila jioni, na sasa alipolitafuta lilikuwa limechakaa kwa kutumika, halikumtosha. Je, kilikuwa kitamu hivi siku zote? Kiangazi alichomzaa binti, na kile alichovunjika mkono, na vile vingine vyote ambavyo havikuwa na alama, aliketi mezani mbele ya sahani kama hii, akasema kitamu, akalala. Alikuwa anasema kweli bila kujua, na hakuweza kuamua kama mtu wa namna hiyo ni mkweli au mwongo.

"Shemeji kanyamaza," dereva akanong'ona kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona.

"Anaonja," fundi akasema.

Wakati wa kupanda ngazi Mama Upawa alitangulia. Walipofika katikati akageuka.

"Kesho jiko ni lako."

"Na wewe?"

Akafikiri. Alikuwa na mikono miwili mizima, iliyozoea kulisha watu, na siku nzima ndefu ya kiangazi mbele yake, na nyuma ya hiyo nyingine.

"Sijui," akasema.

"Hata mimi sijui," akasema mumewe, na hilo likawa jambo la kwanza walilokubaliana tangu alipostaafu.

*

Alfajiri aliamka aliposikia kiberiti. Nje palikuwa bado pana ubaridi. Nguo zote za wateja zilikuwa zimeondolewa wayani, mlango wa kabati umefungwa, na sebule ilionekana kubwa ghafla. Akaenda mpaka mlangoni mwa jiko. Mumewe alikuwa ameteka maji, anasubiri yachemke.

"Nisimame wapi?" akauliza.

Fundi akatazama chumba chake kana kwamba hajawahi kukiona. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akamwonyesha karibu na sinki, lakini palikuwa na ndoo. Akamwonyesha dirishani, lakini hapo mke aliziba mwanga wenyewe mdogo uliokuwa umeanza kuja. Akaleta kigoda, na Mama Upawa alipoketi, magoti yakagusa jiko.

"Utaungua."

"Nimeungua maisha yangu yote. Nipe kazi."

Akampa maharage mabichi ya kuvunja. Alivunja, mlio kwa mlio, haraka kiasi cha mumewe kusahau sufuria akabaki anatazama vidole. Kisha fundi akaweka kiganja juu ya bakuli.

"Yanatosha."

"Yanatosha nini?"

"Watu wawili."

Mama Upawa akachungulia bakulini. Kwa macho yake pale hapakuwa na kitu. Ni masalia, ni kile kinachofagiliwa baada ya watu kuondoka. Lakini akaamini, kama anavyoamini mtu aliyeambiwa kwamba dunia ni duara.

"Nikalete mafuta?"

"Ngoja, nitaleta mimi."

Wakaondoka kwa pamoja. Mume akapinda kulia, mke akapinda kulia. Mume akarudi kushoto, na mke, kwa adabu, akarudi kushoto. Wakasimama kifua kwa kifua katika upana wa mtu mmoja na kivuli chake.

"Pita," akasema Mama Upawa.

"Pita wewe."

"Si jiko lako? Pita."

"Na wewe si umetangulia kusema? Pita."

Hakuna aliyepita. Nyuma yao maji yakaanza kuchemka, nao wamesimama vile vile, kila mmoja akimngoja mwenzake.